Makabidhiano

Abu Hamour, Doha
6 Septemba 2024

Mpendwa Mjomba,

Natumaini barua hii itakufikia siku ya soko, utakapopita dukani kwa Fabian mwenye kompyuta. Mwambie akuchapie kwa herufi kubwa. Najua humwachi salama akikuchapia kwa herufi ndogo. Mguu wa mama unaendeleaje? Je, kidonda kimekauka, au bado anakificha ili asipelekwe hospitali?

Mimi ni mzima. Joto limeanza kupungua, ingawa nikitoka nje asubuhi miwani hufunikwa na mvuke, nikasimama mlangoni kama kipofu mpaka niifute kwa kanga.

Nina habari, Mjomba. Kile chuo cha uuguzi cha Bahrain nilichokueleza kimenikubali. Bahrain ni nchi jirani ya hapa. Ndege haichukui hata saa moja. Mtihani wao niliufanya kwa simu, nimejifungia katika chumba cha kupigia pasi, na Mama Kubwa akaniita katikati ya maswali nimgeuze ubavu. Nilikwenda, nikamgeuza, nikarudi, nikafaulu. Huyo ndiye bibi ninayemtunza, mama yake Baba wa nyumba.

Chuo chenyewe ndicho kinachoniombea kibali cha masomo. Wanataka nakala ya cheti changu cha kidato cha nne iliyothibitishwa, pamoja na barua ya mlezi. Tangu baba alipofariki, mlezi wangu ni wewe. Naomba uniandikie.

Tatizo ni pasipoti. Tangu nilipofika imo katika sanduku la chuma la Baba wa nyumba, kwa usalama, kama wanavyosema. Sheria ya hapa inasema pasipoti ni ya mwenyewe, na kwamba naweza kuondoka bila kuomba ruhusa, mradi nitoe taarifa mapema. Lakini sheria inakaa mjini, nami nakaa jikoni. Rafiki yangu Jeptoo, msichana wa Kapsabet ambaye ni mlinzi kule Lusail, amenishauri niiombe kwa kusema kwamba ubalozi unataka kuibadilisha. Ikishakuwa mkononi mwangu na kibali kimetoka, nitatoa taarifa na kuondoka.

Nisalimie mama. Mwambie asitembee peku.

Mpwa wako,
Loice Nyanchama

*

Kebirigo
12 Septemba 2024

Mpwa wangu Loice,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili nilitamani kalamu nyekundu.

Nianze na furaha. Kukubaliwa chuoni ukiwa umesimama juu ya kazi ya watu ni jambo la heshima, na baba yako angalikuwapo angalichinja. Barua ya mlezi imo humu. Cheti chako kilithibitishwa na wakili wa Nyamira, na Fabian amekipiga picha na kukiambatisha. Mguu wa mama yako haujapona, lakini amekubali kuonwa na daktari baada ya mimi kukaa mlangoni kwake tangu asubuhi nikikataa chai.

Sasa nije kwenye kalamu nyekundu. Unataka kumdanganya mwajiri wako ili upate kitu ambacho ni chako. Uongo unaosemwa kwa ajili ya haki huichafua haki yenyewe. Katika miaka yangu yote ya ualimu sikupeleka ombi lolote makao makuu ya elimu bila kulipitisha kwa mkuu wangu. Nilifanya hivyo hata nilipojua kwamba mkuu huyo hanipendi. Aliye juu yako akipata habari zako kutoka kwa watu wengine, amekwisha kukuhukumu kabla hujafungua kinywa.

Lipo jambo la pili. Mwalimu anapohama, hukabidhi. Hukabidhi vitabu, madawati, funguo, hata kengele. Anayepokea hukagua, kisha wote wawili hutia sahihi. Baada ya hapo hakuna ulimi unaoweza kumfuata njiani. Nilikuwa na mwenzangu aliyeondoka shuleni kimyakimya kwa sababu alikuwa na haraka ya kwenda kuoa. Kabla ya arusi alikuwa akiitwa mwizi wa mabati ya shule katika masoko yote ya wilaya. Hakuwa mwizi. Hakukabidhi tu.

Wewe unatunza nyumba ya watu na mgonjwa wao. Ondoka kwa makabidhiano, uondoke na jina lako.

Huyo Jeptoo ana bidii ya kufundisha. Sijui alifuzu chuo gani.

Mjomba wako,
Cyrus Omwenga

*

Abu Hamour, Doha
20 Septemba 2024

Mpendwa Mjomba,

Asante kwa barua na cheti. Chuo kimevipokea, na karani wao ameniandikia kwamba ombi la kibali limekwisha kupelekwa. Kwa kuwa simu yangu hukaa jikoni mchana kutwa, niliwapa pia anwani ya Jeptoo.

Leo ni Ijumaa, siku ya kanisa huku. Makanisa yote yako pamoja hapa Abu Hamour, mwendo mfupi kutoka nyumbani, kwa hiyo napewa ruhusa ya saa chache. Baada ya ibada nilimsomea Jeptoo maneno uliyomwandikia. Alicheka mpaka akapaliwa na soda. Akasema, "Mwambie Mwalimu nilifuzu chuo cha geti namba tatu, na mtihani wetu ni kusimama juani bila kuegemea kitu." Kisha akaacha kucheka, akasema, "Lakini mwambie asithubutu."

Mjomba, nisikilize kwa upole ulionisikiliza nao nilipokataa kuolewa. Watu hawa si wabaya. Hawajanipiga, na sijalala njaa. Ila Mama Kubwa hakubali mtu mwingine amwoshe. Waliletwa wasichana wawili kabla yangu. Mmoja alimwagiwa supu, mwingine aliumwa kidole. Mimi aliniangalia siku ya kwanza, akanipa mkono. Kwa sababu hiyo nyumba nzima inalala usingizi. Madam, mke wa Baba, anaweza kwenda kazini, Baba anaweza kusafiri. Wakisikia naondoka, hawatasikia kwamba Loice anakwenda kusoma. Watasikia kwamba usingizi wao unatoka nje ya geti.

Kulikuwa na dada Mganda, Ann, nyumba ya pili kutoka kwetu. Alimwambia madam wake mapema, kwa adabu, kwamba hataongeza mkataba. Siku iliyofuata alipandishwa ndege na nguo alizovaa. Begi lake lilibaki barazani mpaka watu wa taka walipolichukua. Hapa mtu haagi mpaka awe amefunga mkanda wa kiti cha ndege.

Nakuomba, Mjomba: usiwaandikie. Nitasema ukweli wote siku nitakapokuwa na pasipoti mkononi. Ni uongo wa wiki chache tu.

Mama ameonwa na daktari? Alisemaje?

Mpwa wako akupendaye,
Loice

*

Kebirigo
24 Septemba 2024

Mpwa wangu Loice,

Barua yako ya tarehe ishirini nimeisoma leo, siku ya soko. Imenikuta nimekwisha kumwandikia mwajiri wako Alhamisi iliyopita.

Hukunipa anwani, lakini nilikuwa nayo. Wewe mwenyewe uliniachia anwani ya ofisi yake mwaka ule mama yako alipolazwa. Niliandika kwa Kiingereza, kwa taratibu zote, na Fabian hakupewa nafasi ya kubadilisha hata nukta. Nilimshukuru kwa kukutunza. Nilimwarifu kwamba umepata nafasi ya masomo katika nchi jirani na kwamba kibali kinaandaliwa. Nilimwomba akurudishie pasipoti kwa wakati wake. Mwisho nilimwomba, kabla hujaondoka, akague kila kitu kilicho chini ya mkono wako: funguo, dawa, vyombo, na mapambo ya bibi mzee. Akishakagua, iandikwe karatasi ya makabidhiano, na wewe na yeye mtie sahihi. Nilimwambia kwamba hivyo ndivyo tunavyofanya kwetu, na kwamba sikukulea uondoke nyumba ya mtu kama paka.

Najua utakasirika. Ulikasirika pia nilipokulazimisha kurudia darasa la saba, na leo unaandika barua ambazo siwezi kuzikosoa. Habari za Ann zinasikitisha, lakini sijui yeye alisema nini na kwa sauti gani. Mtu mzima akiandikiwa na mtu mzima mwenzake, huona haya kutenda ovyo.

Daktari amesema mguu usafishwe kila siku. Mama yako anasema wewe ungeusafisha vizuri kuliko yule muuguzi kijana. Nimemwambia kwamba ndiyo maana unakwenda kusoma.

Nangojea kusikia kwamba mazungumzo yamekwenda vyema.

Mjomba wako,
Cyrus Omwenga

*

Doha
6 Oktoba 2024

Kwa Mwalimu Cyrus Omwenga,

Mzee, pokea salamu. Jina langu ni Wayne. Mimi ni Mkenya, dereva wa familia anakofanya kazi Loice. Baba wa nyumba ana shughuli nyingi, akaniagiza nikujibu kwa lugha yetu ili usikose kuelewa. Ananieleza nami naandika.

Baba anasema barua yako ilimfurahisha sana. Anasema ni watu wachache siku hizi wanaojali utaratibu. Hakuwa na habari kwamba Loice anataka kuondoka. Wala Madam, wala Mama Kubwa. Anakushukuru kwa kumfungua macho.

Makabidhiano yamefanyika kama ulivyoelekeza. Kila kitu kilikaguliwa mbele ya Loice mwenyewe, chumba kwa chumba. Kila kitu kipo, isipokuwa bangili moja ya dhahabu ya Mama Kubwa. Jambo hilo limeandikwa katika karatasi, na Loice ametia sahihi.

Baba ni mpole. Hajakwenda polisi. Anasema kwa heshima yako atangoja.

Simu ya Loice imeharibika, kwa hiyo usishangae ukikosa kumpata. Hatoki Ijumaa kwa sasa, maana Mama Kubwa hajisikii vizuri. Ukiwa na neno, niandikie mimi.

Wako,
Wayne

*

Doha
13 Oktoba 2024

Kwa Mjomba,

Naandika kwa simu ya Wayne. Mimi ni mzima. Nimefikiri sana nikaona ni vizuri kuahirisha masomo. Familia imenitendea mema na Mama Kubwa ananihitaji. Nimetia sahihi mkataba mpya kwa hiari yangu.

Bangili inaendelea kutafutwa. Familia ina subira.

Usiwe na wasiwasi. Hakuna haja ya kuandika tena kwa Baba wala kwa chuo.

Loice

*

Kebirigo
17 Oktoba 2024

Mpwa wangu Loice,

Barua yako fupi imenifikia kupitia kwa kijana Wayne, ambaye nimeona ana adabu.

Sitaficha kwamba nimehuzunika kuhusu masomo. Hata hivyo uamuzi wa kubaki mpaka jambo la bangili liishe ni uamuzi wa mtu mwenye jina. Ungeondoka sasa, ungeonekana umeondoka nayo. Sasa unaona faida ya makabidhiano: upotevu umegunduliwa ukiwapo, na unaweza kujitetea.

Itafute bila kuchoka. Vitu vya namna hiyo huanguka nguo zinapokunjwa, au huingia kati ya godoro na ukuta. Kagua mfuko wa mashine ya kufulia. Mwulize bibi mwenyewe kwa upole. Wazee huficha vitu kisha wakasahau, nami naanza kuwa shahidi wa hilo. Ikipatikana, sisitiza iandikwe kwamba imepatikana.

Jambo moja limenisumbua. Mama yako huniuliza umesemaje juu ya mguu wake. Safari hii hukuutaja. Nilidhani ni haraka, maana simu haikuwa yako. Nikamwambia kwamba umemsalimu na umeuliza. Akaniuliza tena, kwa maneno gani hasa. Nikabuni maneno. Mungu anisamehe, sikuzoea kazi hiyo.

Andika, hata mistari miwili.

Mjomba wako,
Cyrus Omwenga

*

Najma, Doha
8 Novemba 2024

Kwa Mwalimu Cyrus,

Mwalimu, salamu kutoka kwa mtu usiyemjua ila kwa kumkosoa. Mimi ndiye Jeptoo, wa geti namba tatu. Anwani yako niliipata kwa chuo cha Bahrain, katika ile barua ya mlezi. Nisamehe kwa kuandika bila kutambulishwa.

Loice hayuko salama, Mwalimu. Nianze na hilo, maana najua amekuandikia vingine.

Ijumaa baada ya Ijumaa sikumwona kanisani, na simu yake haishiki. Leo nikaenda nyuma ya nyumba yao, kwenye kijia cha mapipa, nikangoja. Alitoka kumwaga taka. Wayne dereva alikuwa akiosha gari. Aliponiona, akageuka akawa anaosha upande wa ukutani. Hiyo ndiyo fadhila aliyotupa, na si ndogo, kwa sababu naye pasipoti yake imo katika sanduku lilelile.

Nilimwambia Loice, "Umekonda wewe, unafanana na fagio." Akasema, "Na wewe bado una mdomo." Hapo nikajua bado ni yeye. Kisha akaanza kueleza harakaharaka, huku mkono uko kwenye kifuniko cha pipa.

Kuna mtu aliwaambia kwamba anataka kuondoka. Sijui ni nani. Nilidhani ni mpishi. Nimemuuliza Loice, akainama. Nikamuuliza tena, akasema, "Ni mtu aliyenitakia mema." Basi walimfanyia ukaguzi wa vitu vyote, kana kwamba ni bohari. Bangili ya Mama Kubwa haikuwapo siku hiyo. Loice akaambiwa atie sahihi kwamba haipo, akatia, kwa sababu kweli haikuwapo.

Mwalimu, siku ya pili bangili hiyo ilikuwa mkononi mwa Mama Kubwa. Madam alimvisha mwenyewe. Loice anaiona kila siku anapomwosha. Anaisogeza juu, anapaka sabuni, anairudisha. Hakuna anayeitafuta. Lakini karatasi ipo, nayo inasema haipo, na jina la Loice liko chini. Baba alimwonyesha karatasi hiyo, kisha akamwonyesha mkataba mpya. Hakupandisha sauti. Akamwambia achague moja iende polisi au nyingine itiwe sahihi.

Baba amemnyang'anya simu. Barua aliyokutumia aliambiwa maneno yake.

Sasa sikia tulilopanga. Jumapili ya tarehe kumi na saba Mama Kubwa ana miadi ya kliniki asubuhi. Loice lazima aende naye, maana hakuna mwingine anayeweza kumshika. Nitakuwa pale na teksi ya rafiki. Bibi akiingia kwa daktari na manesi, Loice atatoka mlango wa upande wa duka la dawa, tutakwenda moja kwa moja ubalozini. Wakimpokea huko, watamwandikia hati ya kusafiria na kumtafutia mtu wa sheria. Kwa hilo nahitaji nakala ya kitambulisho chake na cheti cha kuzaliwa. Nitumie kwa anwani hii kabla ya Jumapili hiyo.

Chuo kinasema kibali kinaweza kutoka wakati wowote. Bado hajachelewa.

Aliuliza juu ya mguu wa mama yake. Hilo lilikuwa neno lake la mwisho kabla ya kufunga mlango.

Jeptoo

*

Kebirigo
16 Novemba 2024

Kwa Binti Jeptoo,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha Fabian akanipa kiti.

Nakala ulizozitaka zimeambatishwa. Nimechelewa kwa sababu cheti cha kuzaliwa kilikuwa na kosa katika jina la baba, ikanibidi kwenda Nyamira mara mbili ili kirekebishwe, wasije ubalozini wakakikataa.

Ulitaka kujua ni nani aliyewaarifu. Ni mimi. Niliandika barua, nami ndiye niliyeomba ukaguzi huo ufanyike na karatasi itiwe sahihi. Loice alinisihi nisiandike. Barua yake ilinikuta nimekwisha kuandika; lakini nitasema kweli, hata ingenikuta kabla, sidhani kama ningemsikiliza. Sasa unajua kwa nini aliinama. Hakutaka unidharau, na mimi sistahili ulinzi huo.

Kwa kuwa mlango huu niliufungua mimi, nimeona ni wajibu wangu kuufunga. Jumatano nilimwandikia tena mwajiri wake. Sikumtukana. Nilimwambia kwamba najua bangili iko wapi. Nilimwambia kwamba karatasi iliyopatikana kwa hila haina nguvu mbele ya Mungu wala mbele ya hakimu. Nikampa nafasi ya kujirekebisha: amrudishie Loice pasipoti yake kabla ya Jumapili, aondoke kwa amani, la sivyo, Jumapili hiyo ataripoti ubalozini, na aibu itakuwa yake. Hata mwanafunzi mtundu kuliko wote nilimpa onyo kabla ya adhabu. Mtu akipewa onyo, hupata njia ya kurudi bila kuvunjika uso.

Jina lako sikulitaja.

Bado sijapata jibu. Ninalichukulia kuwa dalili njema. Mtu anayefikiri hukawia.

Mama yake anaendelea vizuri. Mwambie kidonda kimekauka pembeni, na kwamba safari hii sibuni.

Cyrus Omwenga

*

Najma, Doha
17 Novemba 2024

Kwa Mwalimu Cyrus,

Barua yako nimeisoma leo nikiwa kwenye benchi la kliniki. Jana nilikuwa zamu ya mchana kutwa, na kazini simu zetu hufungiwa kabatini.

Mwalimu, sitakutukana. Nililelewa.

Nilikaa pale tangu kliniki ilipofunguliwa. Kila mlango ulipojivuta nilisimama. Walikuja wazee wengi, wengine kwa viti vya magurudumu, kila mmoja na msichana wake nyuma, Wafilipino, Waethiopia, Wakenya. Mama Kubwa hakuja. Nilimwomba mpokezi atazame jina. Akasema miadi imefutwa tangu Alhamisi.

Rafiki yangu wa teksi alinipeleka Abu Hamour. Mapazia yote yamefungwa. Gari kubwa halipo. Kwenye kijia cha mapipa, pipa lao ni tupu na limeoshwa. Nilibonyeza kengele ya mbele, jambo ambalo Loice alinikataza nisilifanye kamwe. Akatoka mpishi. Nikamuuliza, "Loice yuko wapi?" Akasema hajui. Nikamwambia, "Bhai, ndugu yangu, tumekunywa chai pamoja." Akatazama juu, kwenye kamera iliyo juu ya mlango, akasema tena kwamba hajui, kisha akafunga.

Nimekwenda ubalozini peke yangu, na nakala ulizotuma. Wameandika kila kitu. Wamesema bila mwenyewe kufika, wataanza kwa kuuliza. Wameniuliza pasipoti iko kwa nani, na kama nina hakika kwamba bado yuko Doha. Swali hilo la pili sikuwa nimejiuliza.

Lipo jambo jingine, nalo silitaki kulibeba peke yangu. Chuo kimeandika. Kibali chake cha masomo kimetoka Alhamisi, siku ileile miadi ilipofutwa. Kiko hapa kwenye simu yangu. Picha yake ni ile aliyopiga amevaa blauzi yangu. Anatakiwa aingie Bahrain kabla ya mwisho wa Desemba, la sivyo nafasi itapewa mwingine.

Ukipata neno lolote kutoka kwa Wayne, nitumie saa hiyohiyo. Usimjibu. Usimwandikie mtu yeyote, Mwalimu, hata kwa wema.

Jeptoo

*

19 Novemba 2024

Kwa Mwalimu Cyrus Omwenga,

Mzee, pokea salamu. Baba wa nyumba ameniagiza nikujibu. Ananieleza nami naandika.

Baba anasema barua yako ya pili ameipata na ameisoma kwa makini. Kuhusu bangili, anasema ni jambo dogo na hana haja ya kuliendeleza, mradi Loice atulie.

Familia imehamia kwa muda kwenye shamba la ndugu yake Madam, upande wa pili wa mpaka, Saudia. Mama Kubwa anapenda hewa ya huko. Mimi niliwaendesha mpaka shambani, na kesho narudi Doha peke yangu na gari. Hakuna mtandao mzuri, kwa hiyo hutapata habari kwa kipindi. Hawajasema watarudi lini.

Loice yuko nao. Safari ilikuwa nzuri. Mpakani afisa alimuuliza kama anasafiri kwa hiari yake, na Baba akamjibia.

Baba anasema usihangaike tena na mambo ya vibali. Cha Loice cha kuingia huku kiliombwa Alhamisi, mara tu barua yako ilipofika, na kikatoka kabla ya chakula cha mchana. Anakushukuru sana kwa kumwarifu mapema.

Wayne